Siku Saba Nikimfuata Seneta wa Jimbo, Chicago hadi Springfield

Jumatatu, Hyde Park

Nilitua jana usiku na begi moja, daftari mbili na ruhusa ya wiki mbili kutoka kazini. Mimi ni karani wa kamati katika bunge la kaunti, magharibi mwa Kenya. Naandika kumbukumbu za vikao, nahesabu akidi, nafuatilia mswada usije ukapotelea kati ya meza na meza. Dada yangu mkubwa anaishi Chicago mwaka wa kumi na tisa sasa, muuguzi wa zamu za usiku. Aliponikatia tiketi alidhani nitataka kuona ziwa na maghorofa. Nikamwambia nataka kuona alikofanyia kazi Obama alipokuwa seneta.

"Washington ni mbali, mdogo wangu."

"Si useneta wa Washington, dada. Ule wa jimbo. Wa Springfield."

Shemeji akaweka kikombe chini akaniangalia. Amekaa Illinois miaka yote hiyo na Springfield, mji mkuu wa jimbo, hajawahi kufika.

Nimemwelewa, maana hata kwetu ni hivyo. Tarehe 6 Novemba 2008 Rais Kibaki alitupa siku ya mapumziko nchi nzima kwa ajili ya ushindi wa Obama, na nilikuwa miongoni mwa walioimba barabarani. Rais tunamjua. Lakini huyu mtu alikaa katika Seneti ya jimbo la Illinois tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004, karibu miaka minane, mingi kuliko aliyokaa Seneti ya taifa, ambayo haikufika minne. Miaka hiyo minane ndiyo niliyokuja kuitafuta. Yule bwana aliyebeba mafaili kwenda kukaa upande wa walio wachache, miswada yake ikifia kwenye kamati, ndiye anayefanana na wawakilishi wadi ninaoandika maneno yao kila wiki.

Asubuhi nimetembea Hyde Park peke yangu. Ni mtaa wa kusini mwa jiji: ziwa upande wa mashariki, Chuo Kikuu cha Chicago katikati, miti mirefu na nyumba za matofali mekundu. Alifundisha sheria ya katiba chuoni hapo kuanzia 1992 hadi 2004, maana yake hata alipokuwa seneta aliendelea kusahihisha mitihani. Nimekula Valois, Barabara ya 53, mkahawa wa kusukuma sinia na kuonyesha unachotaka kwa kidole. Ubao ukutani umeorodhesha vyakula alivyovipenda. Mayai, viazi vya kukaanga, mkate. Nimelipa taslimu. Kwenye kinyozi alikokuwa akinyolewa, kiti chake wamekifungia ndani ya kioo. Vijana wawili walikuwa wakisubiri zamu yao bila hata kukitazama.

Jioni nimepita Jackson Park kuangalia jengo la Kituo cha Urais cha Obama. Mnara wa mawe, mrefu, unaonekana toka mbali. Nimepiga picha moja nikaondoka. Huko ni kwa ajili ya rais, nami nina miadi na mtu mwingine.

Jumanne, katikati ya jiji

Leo ni siku ya karatasi. Nimeshinda katika maktaba kuu ya jiji, ile yenye jina la Harold Washington, meya wa kwanza Mweusi wa Chicago, aliyeshinda 1983 na kufia ofisini Novemba 1987. Nilitaka kusoma magazeti ya 1995 na 1996, kwa sababu namna Obama alivyoingia Seneti ya jimbo ni jambo ambalo kila karani wa bunge anapaswa kulijua, na kila anayempenda analipita haraka.

Kiti cha wilaya ya 13 kilikuwa cha mama aitwaye Alice Palmer. Mwaka 1995 nafasi ya ubunge wa taifa ikawa wazi, akaamua kuiwania, na akamuunga mkono huyu wakili kijana achukue kiti chake cha jimbo. Obama akatangaza kugombea mwezi Septemba. Novemba mama Palmer akashindwa, nafasi ikachukuliwa na Jesse Jackson Mdogo. Wazee wa siasa wakamwendea kijana: mwachie mama kiti chake. Akakataa. Alisema ameshaahidi watu, ameshaanza kazi.

Palmer akakusanya sahihi upya, haraka, siku chache kabla ya muda kwisha. Sheria ilidai sahihi halali 757. Watu wa Obama wakaenda kwenye tume ya uchaguzi wakaanza kuzipitia moja moja: huyu anakaa nje ya wilaya, huyu hakujiandikisha kupiga kura, huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi yake. Palmer akabaki na pungufu. Wagombea wengine watatu nao wakaanguka kwa njia hiyohiyo. Siku ya mchujo wa Wademokrati, Machi 1996, jina lilikuwa moja tu.

Nimekaa na habari hii saa nzima. Kwetu mgombea huru wa wadi anatakiwa awe na watu 500 waliojiandikisha kupiga kura katika wadi hiyo, na nimeshuhudia karatasi za namna hiyo: majina ya marehemu, mwandiko mmoja kurasa tatu, nambari za vitambulisho zisizo na mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kusema aliyefanya pingamizi alikosea. Sheria iliandikwa ili ifuatwe. Lakini huyu ndiye aliyekuwa ameongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura Chicago mwaka 1992, akawaingiza daftarini watu wapatao 150,000, na sasa Wademokrati wa wilaya nzima walikwenda kituoni siku ya mchujo bila kuwa na wa kumchagua ila yeye. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari, ukurasa mmoja, na sitafuta lolote.

Dada alipoamka kwenda zamu nilimsimulia. Akasema, "Mama Palmer alimpa mkono, naye akauvuta." Shemeji akasema ndivyo siasa ilivyo. Wakabishana mpaka dada akachelewa basi.

Jumatano, njiani

Treni ya Lincoln Service, kutoka Union Station. Ukumbi wa kungojea una dari ya vioo juu kabisa na mabenchi ya mbao mazito kama ya kanisani. Kwenda Springfield ni saa tatu na nusu hivi, kilomita karibu 300. Yeye mara nyingi aliendesha gari, barabara ya I-55, lakini mimi sina leseni ya huku, na kwenye treni mtu anaweza kuandika.

Joliet, Dwight, Pontiac, Bloomington. Baada ya Joliet jiji linakwisha kama lililokatwa kwa kisu. Ardhi ni tambarare, nyeusi, imelimwa, huoni kilima. Ni Mei, mahindi na soya ndiyo kwanza yanapandwa, na trekta zinatembea mbali sana na reli, zikiwa ndogo kama siafu. Maghala ya nafaka yamesimama kila kituo. Bibi aliyekaa kando yangu aliniuliza kwetu tunalima nini. Nilipomwambia mahindi, akacheka kwa furaha akanionyesha picha za shamba la mwanawe mpaka tukafika mji uitwao Lincoln.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu havikunielewesha. Illinois si Chicago. Ni kaunti 102, na nyingi zinafanana na hizi nilizopita, za wakulima weupe, makanisa madogo, maduka ya vipuri. Seneta kutoka kusini mwa Chicago akifika Springfield na kuongea kama yuko Hyde Park, mswada wake haupiti hata ungekuwa mzuri kiasi gani. Na yeye alifika akiwa profesa. Wenzake wawili Weusi kutoka Chicago, Rickey Hendon na Donne Trotter, hawakumficha kwamba wanamwona mtu wa vitabu. Mswada wake wa kwanza, Machi 1997, ulikuwa mdogo: orodha ya wahitimu wa vyuo vya jamii wanaotafuta kazi, iwafikie waajiri. Hendon akasimama akamhoji kwa mzaha, mpaka jina lake akajifanya hajui linatamkwaje. Ukumbi ukacheka. Nimewahi kuandika kumbukumbu za mwakilishi mgeni akifanyiwa hivyohivyo, na najua jinsi sauti ya mtu inavyobadilika. Mswada ulipita.

Alichofanya baada ya hapo kinanifurahisha. Akajiunga na karata. Seneta Terry Link, mzungu kutoka vitongoji vya kaskazini, alikuwa na kikundi cha kucheza poka usiku, Wademokrati na Warepublikani pamoja, hata na watu wa kushawishi miswada, dau likiwa dola moja moja. Profesa akakaa nao, akavuta sigara, akacheza kwa uangalifu kuliko wote. Akajifunza gofu pia. Mtu anaweza kusema ni upuuzi. Lakini mimi nakaa kwenye vyumba vya kamati, na nawaambia: mswada haupitishwi na hotuba. Unapitishwa na mtu anayejua mwenzake ana mtoto mgonjwa, anaogopa nini wilayani kwake, na atakubali neno gani likibadilishwa katika ibara ya pili.

Springfield saa kumi jioni. Mji mdogo, mtulivu. Kuba la jengo la bunge linaonekana toka kituoni. Hotelini wameniletea chakula wanachokiita kiatu cha farasi: mkate, nyama, mlima wa chipsi, na mchuzi wa jibini juu ya yote. Nimekula nusu.

Alhamisi, bungeni

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama mtoto wa kwenda ziara ya shule.

Jengo lilianza kujengwa 1868 likachukua miaka 20. Kuba lina urefu wa futi 361, zaidi ya kuba la bunge la Washington, na wenyeji hawachoki kulitaja hilo. Kuingia ni bure, unakaguliwa mlangoni tu. Ukisimama katikati ya sakafu ukatazama juu, kuna kioo cha rangi mbali kabisa, na shingo inauma kabla hujamaliza. Kumbi za Seneti na Baraza la Wawakilishi ziko ghorofa ya tatu, wageni wanakaa ya nne na kuangalia chini.

Walikuwa na kikao. Maseneta ni 59. Mei ndiyo mwezi wa haraka kwao, kwa sababu mswada ukipitishwa baada ya tarehe 31 unahitaji kura tatu kwa tano ili uanze kutumika mara moja. Kwa hiyo miswada ilikuwa inakwenda mbio: kusomwa, seneta anasimama na kueleza kwa maneno machache, swali moja au mawili, kura. Ubaoni taa zinawaka mbele ya kila jina, kijani, nyekundu, njano. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na kulinganisha na ubao. Nilipatia mara nne. Mlinzi wa mlango akaniuliza kama naandikia gazeti. Nilipomwambia mimi ni karani wa bunge kutoka Kenya aliniita "mwenzetu", akaniletea nakala ya ratiba ya siku.

Ile taa ya njano imesemwa sana. Maana yake ni "nipo". Kampeni ya urais ya 2008 ilipopamba moto, wapinzani walimlaumu kwamba alibonyeza "nipo" mara 129 badala ya kusema ndiyo au hapana, eti alikuwa anakwepa. Nimeangalia kwa macho yangu jinsi inavyofanya kazi. Mswada hapa unahitaji kura 30 za ndiyo, yaani zaidi ya nusu ya maseneta wote, si ya waliohudhuria tu. Kwa hiyo "nipo" haiusaidii mswada hata kidogo. Kwa hesabu ni sawa na kuukataa. Chama hutumia njano kwa pamoja kama mkakati, na seneta mmoja mmoja huitumia kusema nia naiunga mkono lakini ibara hii inavunja katiba. Na kura zake zote zilikuwa kama 4,000. Kuna mara nyingine, nadhani, alikwepa kweli. Lakini anayeitaja hesabu ile bila kueleza taa hajakaa ukumbini.

Miaka sita ya kwanza alikuwa upande wa wachache. Warepublikani waliishika Seneti, na rais wa Seneti, Pate Philip, ndiye aliyeamua mswada upi utoke kwenye kamati. Hata hivyo alipata lake moja kubwa mwaka 1998, sheria ya kuzuia wanasiasa kupokea zawadi na kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi, akishirikiana na Mrepublikani Kirk Dillard. Wenzake wa chama chake mwenyewe walimnunia. Kisha Januari 2003 Wademokrati wakaipata Seneti, na Emil Jones, mwanasiasa mkongwe wa kusini mwa Chicago aliyemjua tangu akiwa mratibu wa mtaani, akawa rais wa Seneti. Obama akamwendea akamwambia kwamba ana uwezo wa kumtengeneza mtu akawa seneta wa taifa. Jones akauliza nani. Jibu mnalijua.

Ikafuata miaka miwili ya mvua. Jones alimpa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na akampa miswada. Mingine ilikuwa imelimwa na watu wengine kwa miaka. Hendon aliulilia wazi ule wa kurekodi rangi ya kila dereva anayesimamishwa na polisi, kwamba yeye ndiye aliyeuhangaikia. Katika kazi yangu nimeona jambo hili likivunja urafiki: mmoja anapanda, jina linaandikwa la mwingine. Nasema wazi kwamba Hendon alikuwa na haki ya kulia.

Lakini kuna mmoja ambao ndio ulionitoa Kenya. Illinois ilikuwa imetekeleza hukumu ya kifo kwa watu 12 tangu 1977, na katika muda huohuo ikawaachia 13 waliokuwa wakingoja kuuawa, baada ya kuonekana kwamba hawakustahili kuhukumiwa. Mwaka 2000 Gavana George Ryan, Mrepublikani, akasimamisha utekelezaji wa hukumu hizo. Chanzo kimoja kilijulikana: kukiri kwa kulazimishwa. Kusini mwa Chicago, chini ya kamanda wa polisi Jon Burge, washukiwa Weusi walikuwa wameteswa kwa miaka mpaka waseme walichotakiwa kusema. Obama akaleta mswada wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, mwanzo hadi mwisho. Polisi walikataa. Waendesha mashtaka walikataa. Gavana mpya, Rod Blagojevich, hakuutaka. Wanaharakati nao hawakutaka ibadilishwe hata nukta.

Akawaweka wote chumba kimoja, kikao baada ya kikao. Aliwaambia polisi kwamba kanda ile itawalinda na wao pale wanaposingiziwa. Aliacha vitu vidogo, akang'ang'ania kikubwa. Siku ya kura Seneti ilipitisha 58 kwa sifuri. Gavana akatia sahihi Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuamuru jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Niliangalia ule ubao nikijaribu kuona taa 58 za kijani. Hamsini na nane! Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kujua idadi hiyo ina uzito gani. Kwetu hoja ya kupongeza timu ya mpira haipati kura zote.

Ijumaa, Springfield

Asubuhi kwenye bunge la zamani, jengo la mawe ya rangi ya asali ambapo Lincoln alisema mwaka 1858 kwamba nyumba iliyogawanyika yenyewe kwa yenyewe haiwezi kusimama. Obama alisimama ngazini hapa tarehe 10 Februari 2007, baridi kali, kutangaza kugombea urais. Mimi nilivutiwa zaidi na kitu kingine: Lincoln naye alikuwa mbunge wa jimbo, mihula minne, 1834 hadi 1842, na kazi iliyompa jina wakati huo ilikuwa kuuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia kuja hapa. Siasa za barabara, mifereji, na wapi ofisi zikae. Ungedhani unasoma hansadi yetu.

Mchana nimekwenda kwa miguu hadi karibu na reli, mahali palipochomwa Agosti 1908. Umati wa wazungu ulivamia mtaa wa Weusi, ukachoma nyumba na kuwanyonga watu wawili, mmoja wao mzee William Donnegan, fundi viatu. Ni hatua chache kutoka nyumbani kwa Lincoln. Kutokana na msiba ule kikazaliwa, mwaka uliofuata, chama cha NAACP, kinachotetea haki za Weusi wa Marekani. Nilisimama pale muda mrefu. Siandiki mengi.

Jumamosi, kurudi

Mvua njia nzima. Nimeandika juu ya kushindwa kwake, kwa sababu hali ya hewa ilinipeleka huko.

Mwishoni mwa 1999 alijaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa taifa, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi la wapigania haki za Weusi, na anayependwa kusini mwa jiji lote. Oktoba mwana wa Rush akapigwa risasi akafa, na kampeni ikawa kitu cha aibu kukiendesha. Desemba Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto, Malia, akaugua, Springfield ikaitwa ghafla kupigia kura sheria ya bunduki, hakurudi. Sheria ilianguka kwa kura chache. Kwa mtu aliyegombea kwa hoja ya usalama mitaani, hilo lilimmaliza. Machi 2000: Rush asilimia 61, yeye 30.

Akarudi Springfield na deni, na mke aliyechoka. Kisha mwaka 2001 ikaja zamu ya kuchora upya mipaka. Illinois vyama vikishindwa kukubaliana, jina la mjumbe wa kuamua linachomolewa kwa bahati nasibu kati ya mawili ya watu wa vyama tofauti, na mwaka ule likatoka la Mdemokrati. Obama alikaa na mchoraji akaichora upya wilaya yake. Ile ya zamani ilienda magharibi hadi Englewood, kwa maskini. Mpya ilipanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwenye majumba ya matajiri wa katikati ya jiji, watu wenye fedha za kuchangia kampeni kubwa. Miaka mitatu baadaye, 2004, akashinda mchujo wa Seneti ya taifa kwa asilimia 53, akahutubia mkutano mkuu wa Wademokrati Boston mwezi Julai, na Novemba akamshinda Alan Keyes 70 kwa 27. Kiti cha wilaya ya 13 kikapewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye akawa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Swali la Englewood lilinisumbua mpaka treni ikaingia Chicago. Mstari ulipohama, nani alibaki akiwasemea wale?

Jumapili, Altgeld Gardens

Nilipaacha mwisho kwa sababu leo dada ana mapumziko na alitaka tuende wote. Treni nyekundu mpaka kituo cha mwisho, Barabara ya 95, kisha basi nambari 34. Reli haijafika huku. Watu wameahidiwa kwa zaidi ya miaka 50.

Altgeld ni nyumba za umma zilizojengwa 1945 kwa ajili ya familia za Weusi, ghorofa mbili mbili, matofali, kwenye ukingo wa jiji. Zimezungukwa na dampo za zamani, mtambo wa maji taka, viwanja vya viwanda vya chuma vilivyokufa na mto Calumet. Huku ndiko Obama, kijana wa miaka 23, alikotumwa mwaka 1985, kutoka ofisi ndogo kwenye nyumba ya mapadre wa kanisa la Holy Rosary, Roseland, kwenda kubisha hodi na kuuliza watu wanasumbuliwa na nini. Walimwambia asbesto. Ilikuwa kwenye nyumba zao, na mamlaka ya nyumba ilitaka kuiondoa ofisini kwake kwanza. Wakazi wakapanda basi kwenda mjini kudai majibu.

Na ukweli wa hapa ni huu: hakuwa wa kwanza. Mama Hazel Johnson, mkazi wa Altgeld, aliyempoteza mume kwa saratani ya mapafu, alikuwa ameanzisha kikundi chake mwaka 1979 na kuanza kuhesabu wagonjwa nyumba kwa nyumba, bila digrii, kwa daftari kama langu. Aliendelea mpaka alipofariki 2011. Wakati kijana alipoondoka 1988 kwenda Harvard, yeye alibaki. Nilimwambia dada natamani ningemkuta. Dada, ambaye kila usiku anawageuza vitandani wagonjwa wa mapafu, hakusema kitu; alikuwa anaangalia mtoto akiendesha baiskeli kando ya uzio wa nyuma.

Kurudi, basini, mama mmoja mzee mwenye kofia ya kanisani alituuliza tunatoka wapi. Kenya, nikasema, nafanya kazi katika bunge, karani. Akataka kujua ofisi ya mwakilishi wetu iko wapi. Nikamweleza: sokoni, karibu na kituo cha polisi. Kutoka kijiji cha mwisho cha wadi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, mvua ikinyesha zaidi, kwa sababu ya mto.

"Anaenda kwao, au wao ndio wanakuja kwake?"

"Wanakuja wao, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akageukia dirisha. Dada akavuta kamba ya kengele, tukashuka.